Petroli ya Baada ya Dunia Kuisha

Kabla kaka yangu hajaoa, filamu za Jumapili zilikuwa zangu na baba. Baba alikuwa ameendesha lori la majani chai miaka mingi, akipanda na kushuka milima ya Kimulot kwenye matope. Alipostaafu alipenda filamu za aina moja tu: zile ambazo dunia imeisha, miji imebaki magofu, na watu wachache waliosalia wanafukuzana kwa magari. Nani anamuua nani hakujali.

"Sasa hiyo mafuta wanatoa wapi?" aliuliza kila mara.

Mimi nilimjibu kwamba wanafyonza kwenye magari yaliyoachwa. Alikataa. Lori zito namna ile, kwenye mlima, linakunywa kuliko ng'ombe! Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Halafu nikapata kazi Kericho mjini, nikawa nakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kaka akaoa binti wa wafanyakazi wa shamba la chai, watu waliotoka upande wa ziwa. Kabla ya ndoa wifi yangu alikuwa akiuzia watu wa bodaboda petroli kwenye chupa za soda, kando ya barabara.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikawakuta wameshaanza filamu bila mimi. Wifi alikuwa ameketi karibu na baba. Kwenye skrini, msichana alifungua gereji iliyofungwa miaka kumi, akapata mtungi wa petroli, akajaza pikipiki, akaondoka mbio.

"Uongo!" wifi akasema. "Baba, petroli ikikaa hivyo inaoza. Inageuka rangi, inanuka vibaya. Hiyo pikipiki haiwezi kushika."

Baba alicheka hadi akafuta machozi. Miaka yote ile nilikuwa nikibishana naye kuhusu mafuta yanakotoka, na sikuwahi kufikiria kwamba yanaoza. Moyo uliniwaka.

"Si lazima ioze," nikasema. "Ikifungwa vizuri inakaa."

Sikuwa na habari yoyote kuhusu jambo hilo.

"Twende tuone," baba akasema.

Stoo kulikuwa na mtungi wa petroli ya mashine ya kukatia ng'ombe nyasi, uliosahaulika tangu kabla baba hajafanyiwa upasuaji wa nyonga. Tukaimimina kwenye mashine. Nilishika kamba mimi mwenyewe, nikavuta mpaka bega likauma, nikimwomba Mungu kwa dhati kabisa. Mwishowe mashine ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma kidogo kwa kuchechemea, ikazima.

"Imewaka," nikasema.

"Imekohoa," wifi akasema.

"Kwa petroli hii," baba akasema, "yule msichana angesukuma pikipiki mpaka Mogogosiek!"

Wawili hao wakacheka, baba akishikilia ukuta asianguke. Mimi nilibaki na kamba mkononi.

Baadaye, tukinawa mikono kwenye tangi la maji, wifi aliongea bila kuniangalia.

"Ukweli ni kwamba sifurahi ukija."

Niliendelea kusugua vidole.

"Kila filamu baba ananiambia, 'Msichana wangu angesema hivi, angeuliza vile.' Nikisema kitu kizuri anataka kukupigia simu akuambie. Nimechoka na wewe, na hata hatujazoeana."

"Hajawahi kunipigia."

"Anasema uko kazini, usisumbuliwe."

Nilijipangusa mikono polepole ili asione uso wangu. Nilikuwa na furaha, furaha ya kitoto, na huruma kidogo kwake. Sikumwambia kwamba dakika chache tu zilizopita nilikuwa nikimchukia.

Tulirudi ndani, nikaketi upande wa pili wa baba. Filamu ikaendelea. Magari yalikuwa yakipita juu ya mawe makali, na baba akainama mbele.

"Na hizo tairi mpya wanatoa wapi?"

Wifi na mimi tulifungua midomo pamoja. Yeye akanitangulia. Iliniuma, lakini nilimwacha aendelee, nikamsikiliza.