Vigae vya Mtungi wa Festo

Mchanga wa kijiji chetu, kusini mwa Lituhi, ulinuka usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wanaokauka juani. Kiangazi kile cha ugomvi harufu hiyo ilipotea, kwa kuwa hakuna aliyevua. Vitongoji viwili, chetu na cha ng'ambo ya kijito, viligombania mahali pa kuvutia nyavu mpaka watu wakavamiana majumbani kwa marungu. Kaka yangu Festo alipigwa mlangoni kwetu, akauangukia mtungi wa maji, akafa hapo hapo. Mama aliokota vigae vya mtungi ule, akavifunga kwenye kanga na kuviweka chini ya kitanda. Tangu siku hiyo hakulia, na hakumsalimu mtu yeyote wa ng'ambo.

Kijijini aliishi Mama Rosa, mfinyanzi aliyekimbia vita Msumbiji bila kitu ila mikono yake. Vyungu na mitungi ya pande zote mbili ilikuwa imevunjwa, hivyo kila mtu alimhitaji. Alieleza kwamba udongo mtupu hupasuka motoni; lazima uchanganywe na vigae vilivyotwangwa, kopo moja kwa makopo matatu ya udongo. Sharti lake lilikuwa moja: vigae vitoke pande zote mbili, vitwangwe kwenye kinu kimoja, na kila mwanamke aje kukanda. Walinung'unika, wakaja. Wiki ya pili nilisikia mwanamke mmoja wa kwetu akimtania Mama Kolumba wa ng'ambo, "Kanda, mama! Huo ni udongo, si mumeo!" Wakacheka wote.

Mama peke yake hakwenda. Nilikuwa na miaka tisa, nikadhani kinachomzuia ni kile kifurushi. Nikakipeleka.

"Mama yako amekutuma?" Mama Rosa aliuliza.

Nikasema ndiyo.

Mama alifika jioni, miguu mitupu. "Viko wapi vigae vya mwanangu?"

Mama Rosa alinitazama, akaelewa. Akaonyesha rundo la udongo. "Nisamehe, dada. Vimo humu. Siwezi kuvitoa tena."

Mama akapiga magoti, akaingiza mikono yote miwili, akawa anapapasa. Hapo ndipo alipolia. Mama Kolumba, ambaye naye alizika mtoto kiangazi kile, akapiga magoti kando yake, wakakanda pamoja.

Udongo ule ulimpatia Mama mtungi mpya. Tukaanza kusalimiana na watu wa ng'ambo, hata kuzikana. Mama Rosa alirudi kwao vita vilipokwisha. Siku hizi redio inasema huko kaskazini mwa Msumbiji watu wanakimbia tena, na sijui kama yu hai, wala kama kuna aliyempokea.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Alinilea vizuri, na hakunigombeza hata mara moja kuhusu vile vigae. Lakini hakunituma tena kuteka maji ya mtungi. Alikwenda mwenyewe, hata mgongo ulipopinda.

Sasa mtungi uko kwangu Mbinga, kando ya jokofu. Wanangu wanakunywa maji ya chupa. Mimi naujaza kila asubuhi, na hauvuji.