Bereti Nyeusi, Beji ya Askari wa Miguu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kopo la maziwa ya unga lililojaa beji za jeshi la Waingereza, nikaambiwa nizitenganishe. Mwenye Duka, mzungu mzee aliyeuza vitu vya kale pale Malvern, Jules Street, kusini kabisa mwa bara, aliweka kopo mbele yangu akaenda kunywa chai. Nilikuwa nimetoka Tanga miezi michache nyuma, elimu darasa la saba, Kiingereza cha kuulizia njia. Aliporudi alikuta marundo manne. Sikuzipanga kwa picha za mbele kama wanavyofanya wote. Nilizigeuza nikazipanga kwa migongo: zenye ulimi wa bati wa kuchomeka kwenye kofia huku, zenye vipete viwili vya kupitishia pini kule, za plastiki peke yake, na zilizotengenezwa juzijuzi kudanganya watu rundo la mwisho. Mzee akageuza mbili tatu mwenyewe, kisha akaniambia nirudi kesho. Nilirudi kwa miaka kumi na minne.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii na simu mkononi, geuzeni beji kwanza. Mbele kila mtu anaangalia, kwa hiyo hata tapeli anapatengeneza vizuri. Na plastiki msiidharau. Wakati wa vita kuu ya pili shaba ilihitajika kwingine, wakatengeneza beji za plastiki, na wengi wanazitupa wakidhani ni za kuchezea watoto. Mimi nimeziokota kwenye maboksi ya takataka nikazisimamisha kwenye kabati la kioo.

Kilichonipa jina ni hiki. Katika vita ile Waingereza walipungukiwa watu wa vifaru. Wakachukua batalioni nzima za askari wa miguu, watu wa buti na bunduki, wakawapa vifaru, namba mpya ya kikosi na bereti nyeusi, nyeusi kwa sababu grisi haionekani. Lakini wakawaachia beji zao za zamani. Kwa hiyo ukikuta bereti ya vifaru ina beji ya askari wa miguu, utadhani mtu amekosea. Hajakosea.

Mimi ndiye niliyekosea. Mwaka wangu wa pili ilikuja dukani bereti ya namna hiyo, nami nikajifanya fundi. Nikaing'oa beji, nikatia ile ya ngumi ya chuma inayojulikana kuwa ya watu wa vifaru, nikaiweka dirishani nikisubiri sifa. Mwenye Duka akaitoa dirishani.

"Rama, nani amegusa hii?"

"Mimi, bosi. Ilikuwa na beji siyo."

"Ilikuwa ushahidi," akasema. "Sasa ni kofia tu."

Hakunifokea, na afadhali angefoka. Beji ya zamani nilikuwa nayo bado, lakini nilipoirudisha nikapanua tundu, na tundu likishapanuka hakuna mtu mwenye akili atakayeamini tena. Tangu siku hiyo sisahihishi kitu ambacho sijakielewa.

Mzee alipofunga duka nilichukuliwa Midrand, nyumba ya mnada yenye viyoyozi, chini ya Mthamini Mkuu. Huyu alikuwa mtu wa shahada mbili na tai, na kazi yake ilikuwa kutia sahihi chini ya kile nilichokiona mimi. Hakuwa mbaya, ila mwepesi wa kuhukumu.

Mwaka wangu wa mwisho pale akaja mama mmoja mzungu, umri kama sabini hivi, na bereti ndani ya mfuko wa mkate. Baba yake alikuwa amefariki Jumapili, akikaribia miaka mia, na maziko yalikuwa Jumamosi. Maisha yake yote mzee yule aliwaambia wanawe kwamba alipigana ndani ya kifaru. Lakini kaka wa yule mama, aliyesimama nyuma yake amekunja mikono, alikuwa ametafuta kwenye mtandao. Beji ni ya askari wa miguu. Namba ya jeshi iliyoandikwa ndani ya kofia, nayo ya askari wa miguu. Basi baba aliwadanganya miaka yote, na yeye hataki kofia ya uongo juu ya jeneza, wala hatasema neno lolote kanisani.

Mthamini Mkuu aliitazama nusu dakika akasema imeungwa, kofia ya huku na beji ya kule. Yule kaka akainamisha kichwa kama mtu aliyeshinda kesi asiyoitaka.

Nikasema hapana.

"Rama, tutaongea ofisini."

"Tuongee hapa hapa, mkuu. Wenye marehemu ndio hawa."

Uso ukamwiva. Nikaeleza habari ya batalioni zilizogeuzwa, na kwamba namba mtu hupewa siku ya kuandikishwa, hata akihamishiwa kwenye vifaru anabaki nayo. Yule kaka akanisikiliza vizuri, kisha akauliza: na kama baba alinunua bereti nyeusi sokoni baada ya vita, akapachika beji yake? Eish. Swali la haki. Maelezo nilikuwa nayo, ushahidi sina. Mthamini Mkuu akanipa mpaka kesho yake mchana. Nikishindwa, nihamie stoo kufunga maboksi.

Asubuhi nikawapeleka ndugu wale wawili Berea kwa Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Uvira aliyenishonea bitana za makoti ya kale kwa miaka. Lifti ya jengo lake imekufa siku nyingi. Tulipanda ghorofa sita, yule kaka akilalamikia gari aliloliacha chini. Mama Furaha akasema ikaleni, yaani kaeni, akaipeleka bereti dirishani, akaipuliza sufu, akapitisha kidole gumba.

"Hii beji haijatoka hapa hata siku moja, Papa Rama. Chini yake kitambaa kingali cheusi kabisa." Kisha akaigeuza utosini. "Lakini hii ni nini? Sufu imelala, kutoka sikio mpaka sikio. Huyu baba alikuwa anavaa kitu ingine juu ya kofia?"

Mimi, na sifa zangu zote, sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimekodolea upande wa beji kama wapumbavu wengine. Hedfoni! Ndani ya kifaru injini inanguruma, watu hawasikilizani bila hedfoni, na utepe wake unapita juu ya bereti siku baada ya siku. Anayetembea kwa miguu na bunduki begani hedfoni za nini? Nikawafasiria kwa Kiingereza, polepole.

Yule kaka akachukua bereti, akaweka kidole gumba pale pale alipoweka Mama Furaha. Akakaa.

"Sikio la kushoto la baba lilikuwa halisikii," akasema. "Tulikuwa tunamcheka mezani."

Mama Furaha akamwambia pole, papa. Hilo sikulifasiri, na hakuniuliza.

Mthamini Mkuu alisoma karatasi yangu akatia sahihi. Akauliza yule fundi alisomea wapi. Nikamwambia Uvira, kwa mama yake.

Sasa nimeacha kazi kwa hiari yangu, macho yamechoka. Nyumba Tanga ninayo. Watoto wangu wanaongea Kizulu, wanadhani baba yao alikuwa anauza vifungo. Vyeti sina hata kimoja. Kuna watu wenye vyeti ukuta mzima ambao hawajawahi kupigiwa simu niliyopigiwa ile Jumamosi ya maziko asubuhi, nikivaa viatu. Alikuwa yule kaka. Nyuma yake nilisikia watu wengi na kinanda cha kanisa kikijaribiwa.

"Bereti naiweka mwenyewe juu ya jeneza," akasema. "Beji inakaa upande gani?"

"Juu ya jicho la kushoto, bwana."

"La kushoto kwangu ninayemtazama, au kwake?"

"Kwake."