Picha ya Kuchukuliwa Kabla ya Jumamosi Saa Sita

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Kisii mjini kabla ya miezi kutimia, akawekwa kwenye mashine ya joto. Muuguzi alinikubalia picha moja tu. Mama yangu alikuwa kwetu kijijini, Nyaramba, mguu kwenye plasta baada ya kuteleza shambani akichuma chai. Kila asubuhi alipiga simu: "Huyo mtoto nitamwona lini?"

Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe. Kwa hivyo Jumatano niliituma picha kama ujumbe wa kawaida, kwa namba yake, nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe sijui kitu! Picha ya namna hiyo haiendi moja kwa moja. Simu yangu iliipeleka kwenye kituo cha mtandao, kituo kikaiweka, kikaiarifu simu ya mama ije kuichukua kwa intaneti. Kabambe haina intaneti, basi mama akatumiwa maandishi tu: anwani ya tovuti, namba ya siri na siku ya mwisho. Alidhani ni wale matapeli wa kutuambia tumeshinda gari, akayaacha.

Ijumaa, jua limeshatua na Sabato imeshaingia, binti wa jirani akamsomea yale maandishi. Mama alinipigia akiwaka.

"Inafutwa kesho saa sita mchana! Mbona hukuniambia?"

"Kwani mimi nilijua? Tulia, mama. Sabato ipite, Jumapili nikutumie tena."

"Jumapili unaijua wewe?"

Nilimkatia simu. Nilimkasirikia kwa kusema jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalikwepa tangu mtoto azaliwe.

Mama huyu hawashi jiko siku ya Sabato. Chai yetu ya Jumamosi ilipikwa Ijumaa ikatiwa kwenye themosi, na ole wako ulalamike imepoa. Lakini asubuhi iliyofuata alipanda pikipiki na magongo yake, akapita mbele ya kanisa lake watu wakiingia, akashuka sokoni kwenye saiba, kibanda cha kompyuta na intaneti, ya Mkatoliki mmoja. Mwenye saiba akaandika anwani, kisha namba ya siri. Picha ilitokea ndogo, maana mtandao huipunguza ili ipite. Alipojaribu kuikuza, uso ukawa viraka viraka. Mama akamwambia airudishe ilivyokuwa.

"Nimemwona," aliniambia kwa simu. "Kidevu ni cha baba yako. Na amekunja uso vile vile, wee, huyo atakuwa mkali!"

Nilicheka mpaka mshono wa upasuaji ukaniuma.

Jumapili asubuhi mtoto alifariki.

Nyumbani, wanawake waliokuja kunifariji walisema nisilie sana, nitapata mwingine, huyo alikuwa bado hajajulikana na mtu. Walikuwa na nia njema, nami nilitamani kuwafukuza wote. Mama alikuwa amekaa kando yangu, mguu juu ya kigoda.

"Mimi namjua," alisema. "Nilimwona."