Ndege ya Saa Tisa
Juzi nilikuwa nikimtafutia rafiki tiketi ya Mumbai, na simu ikanionyesha kwamba kutoka Mwanza ni karibu kilomita elfu tano, saa tisa za safari pamoja na kubadilisha ndege. Nikaiweka simu mezani. Ilinijia harufu ya dagaa walioanikwa juu ya mawe karibu na nyumba yetu, pale ziwani.

Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa amepelekwa Mumbai kutibiwa moyo. Nilimuuliza shangazi kama ni mbali, naye akanijibu huku anachambua mchele, "Mbali, mwanangu. Mpaka afike hapa ni saa tisa kwa ndege."

Sasa najua alikuwa anataja muda wa safari. Mimi nilisikia saa tisa ya mchana, saa yetu ya kutoka shule.

Siku iliyofuata nilitoka shule nikapanda juu ya mawe, nikakaa kando ya dagaa. Kunguru walikuwa wakipiga kelele. Mara ndege ikatokea juu ya ziwa, ikishuka polepole. Niliipungia mikono yote miwili, kisha nikakimbia nyumbani.

Uani walijaa wanawake wakilia. Hospitali ilikuwa imepiga simu kwamba mama amefariki, lakini mimi nilikuwa sijaambiwa.

"Nimemwona mama!" nilipaza sauti. "Yumo kwenye ndege!"

Kilio kikakatika. Shangazi alipiga magoti, akanishika mabega.

"Alikuwa anakuja," aliuliza kwa sauti ya chini, "au anakwenda?"

"Anakuja."

Jua lilipozama, shangazi hakumruhusu mtu yeyote afunge mlango.