Cheti cha Jumanne

Nakumbuka Jumanne moja nilipanda gari la moshi kwenda Timboroa bila kumuaga mtu yeyote, na nikaona nimefanya jambo la adabu. Mwanangu, kaa nikueleze ilivyokuwa.

Nilikuwa kijana mwenye haya, nimesoma hadi darasa la nne, na mkono wangu uliandika polepole. Kanisa letu hapa Eldoret, mji ambao wakati ule wengi tuliuita Sisibo, lilinipa kazi ya kuwakusanya wazee kila Jumatano. Walikuwa watu waliozeeka katika mashamba ya walowezi: waendesha maksai, wapishi, wakamuaji wa ng'ombe. Nilipanga nani atachukuliwa na mkokoteni, nani akae karibu na moto, nani asomewe barua ya mwanawe. Walikunywa chai na kubishana mpaka jua lishuke. Nilifanya hivyo miaka mitatu.

Kisha nikapata kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha mbao huko Timboroa. Mchungaji hakunizuia. Aliniambia tu, "Andika kila kitu unachofanya, ili Eliya anayekufuata aelewe. Na Jumatano uje uwaage wazee."

Niliandika ukurasa mmoja: majina, nyumba, dawa za kila mtu. Lakini kusimama mbele ya wazee wote wakinitazama, hilo sikuliweza. Nikaondoka siku moja kabla.

Sasa, kulikuwa na Mzee arap Sang, aliyeishi katika shamba moja upande wa Kiplombe. Pale hakuna aliyetoka getini bila cheti cha bwana mwenye shamba, hata mzee asiyeweza kazi tena. Kwa hiyo kila Jumanne jioni nilipita pale nikienda nyumbani, nikasimama mlango wa jikoni kwa bwana, nikampokelea mzee cheti cha kesho yake. Jambo hilo halikuwa kwenye ukurasa wangu. Sikulihesabu kuwa kazi.

Wiki mbili baadaye nilirudi kuchukua blanketi langu. Mama Rebeka, mpishi wa zamani ambaye ulimi wake haukuzeeka, ndiye aliyeniona kwanza.

"Karani amefika! Mbao za huko zinakusalimia vizuri?"

"Habari yako, Mama."

"Habari anayo arap Sang. Nenda kamuulize."

Ilikuwa hivi. Jumatano ile mzee alingoja cheti, hakikuja. Akafikiri nimechelewa, akatoka hivyo hivyo. Nyapara akamkuta barabarani. Bwana akasema anayependa kutembea atafute kwingine pa kukaa, akampa mpaka mwisho wa mwezi ahame. Mzee alikuwa na nyumba pale tangu shamba lilipolimwa mara ya kwanza, na yeye ndiye aliyeshika maksai siku hiyo.

Nilimkuta akifunga vibuyu vyake kwa kamba.

"Umekuja," alisema. "Nilidhani unaumwa."

"Nilipata kazi, Mzee. Niliona haya kuwaaga."

"Haya ya nini? Tungekucheka kidogo, tungekubariki, ungeenda. Vijana huenda. Mimi nilitaka tu kujua Jumanne sasa ni ya nani."

Nilimchukua Eliya tukaenda kwenye ule mlango wa jikoni. Nilimwambia bwana kosa ni langu, lakini sauti yangu haikusikika, akaniamuru niandike. Niliandika nimekaa kwenye ngazi, polepole, yeye akitazama saa yake. Akasoma, akamwacha mzee abaki na nyumba yake. Lakini akakataa kabisa kumpa cheti tena. Arap Sang hakunywa tena chai na wenzake mpaka alipofariki. Eliya alimpelekea salamu zao getini kila wiki, naye akatuma zake.

Mwanangu, kuacha kazi si kosa. Lakini kama kazi yako ni watu, usiwaachie karatasi peke yake. Zunguka nyumba kwa nyumba na huyo anayekufuata, wamwone, naye awaone. Mwonyeshe hata yale unayofanya ukipita njiani, maana huenda mtu anayategemea kuliko yote uliyoandika. Na kama unaona haya, aga na haya yako hivyo hivyo.

Mungu akupe kazi njema, na siku ya kuiacha akupe sauti ya kutosha, hata ikiwa ndogo.