Njia ya Bombani

Nikisikia harufu ya saruji mbichi, hata leo, uso unaniwaka moto. Najikuta tena kidato cha pili, Singida mjini, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu na jirani yetu Salumu, mwenye mashine ya kukamua alizeti, akajenga ukuta.

Ukuta ule ulikata njia yetu ya bombani. Zamani tulipita uani kwake, hatua chache tu. Sasa ilibidi tuzunguke hadi barabara ya malori. Wanawake wa mtaa walinung'unika, wakazunguka. Mama yangu hakuzunguka. Kila asubuhi aligonga geti jipya, akapiga hodi, akampita mlinzi na ndoo yake kama vile geti halipo.

Sitawaficha, niliona aibu. Rehema, binti wa Salumu, nilisoma naye darasa moja. Wiki hiyohiyo tulikuwa tunasoma riwaya ya majirani wawili, tajiri na maskini, na mwalimu akauliza ukuta uliokuwa kati yao unaashiria nini. Wenzangu wakasema matabaka. Mimi, jicho kwenye viatu vya Rehema vinavyong'aa, nikasimama nikasema, "Maendeleo, mwalimu." Darasa zima likacheka. Rehema hakucheka.

Jioni nikamwambia Mama, "Unaniaibisha. Si tuzunguke tu kama wengine?"

Alinitazama kidogo. "Kesho utabeba ndoo ya pili."

Kesho yake tulimkuta Salumu mwenyewe getini.

"Shikamoo, mama. Usihangaike tena. Mlinzi wangu atakuletea maji mpaka mlangoni."

Moyo wangu ukashangilia.

"Marahaba, baba Rehema," Mama akajibu. "Sitaki kuletewa. Nataka kupita."

Akasimama palepale, hakurudi nyuma hata hatua moja. Wanawake waliokuwa wanakwenda kuzunguka wakatuona, wakaja na ndoo zao, kwanza wawili, kisha karibu mtaa mzima. Salumu akaitazama foleni ile, akasogea pembeni. Mwezi haukuisha, mafundi wake wakabomoa kona moja ya ukuta, wakatuachia uchochoro.

Wakati ule nilidhani Mama ni mkaidi tu. Nimekuja kuelewa ukubwani, nikiwa na nyumba yangu na majirani wangu, kwamba asubuhi ile alikaribishwa awe mtu wa kuhurumiwa. Alikataa mbele yangu, tena kwa makusudi, ili nione jinsi mtu anavyokataa.