Kahawa Chungu ya Chepkorir

Yamumbi nzima ilijua kwamba Chepkorir hadanganyiki. Aliyeijua zaidi habari hiyo ni mumewe, Mzee Kipyego, ambaye alikuwa na ugonjwa wa sukari, na ambaye alishawahi kukamatwa na sukari guru ndani ya soksi.

Mwaka huo wa themanini na sita daktari alisema waziwazi: sukari ya damu isiposhuka, mzee ataanza kudungwa sindano kila siku. Kipyego, mtu wa kushika fahali kwa pembe, aliogopa sindano kama mtoto mdogo. Akaacha vitamu kabisa, safari hii kwa dhati.

Chepkorir naye hakulala. Sukari aliifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani. Chai ya maziwa aliipiga marufuku, akanunua kahawa na kuichemsha mpaka ikawa nyeusi tititi. Dawa zote alizonyweshwa na mama yake zilikuwa chungu. Kwa hiyo kichungu ni adui wa kitamu, mambo kwisha. Siku ya kliniki, mzee akiwa amekatazwa kula, mkewe aliongeza kahawa maradufu. Kahawa tupu si chakula, alisema, na mzee akainywa huku amekunja uso.

Sukari ikapanda.

Basi Chepkorir akajitanda leso, akamfuata mumewe mjini. Mzee alipita mbele ya mandazi moto bila kugeuza shingo, akaketi kwa fundi viatu, akasoma gazeti kuukuu, akarudi nyumbani. Jambo hilo lilimkasirisha mkewe zaidi, maana mwizi asiyekamatika ndiye mwizi stadi. Akawatangazia akina mama wa kanisa kwamba mumewe ni mwongo.

Kipyego aliumia sana. "Mama Jelagat, hii mara sijagusa," alimwambia mkewe.

Akajibiwa kwamba hata siku ya soksi alisema hivyohivyo. Mzee akatoka akaenda kukaa na ng'ombe, ambao angalau hawakumshuku.

Kliniki iliyofuata Chepkorir alikwenda mwenyewe kumshtaki. Sista Kavetsa, muuguzi wa pale, alisikiliza mashtaka yote, kisha akauliza mzee amekunywa nini asubuhi. Alipoambiwa kahawa, akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa sukari, kahawa kali huipandisha sukari ya damu hata kama haikutiwa chembe ya sukari. Waiache kwanza, siku ya kupimwa mzee aje na maji tu tumboni, ndipo daktari aamue habari ya sindano.

Waliporudi kliniki kupimwa tena, sukari ilikuwa imeshuka. Sindano ikaahirishwa, na Kipyego akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

"Na hiyo kahawa kali hivyo, Mzee, ni nani alikuwa anakupikia?" Sista akauliza.

Chepkorir aliona aibu hadi masikio yakamwasha. Miezi yote hiyo mumewe alikuwa ametafuta mtu wa kumtetea, na sasa alikuwa na nafasi ya kulipiza kisasi kwa neno moja tu. Kipyego akatazama dirishani.

"Nilikuwa najipikia mwenyewe," akasema.

Chepkorir alijaribu kunyamaza. Mungu ni shahidi, alijaribu.

"Sista, usimwamini huyu," akasema. "Ni mwongo. Ni mimi nilikuwa nampikia."